Kabla ya Kununua Mota Kubwa: Somo juu ya Spindeli ya Mashine Ndogo ya CNC



Katika toleo hili tumeona vema somo letu liguse jambo ambalo limeanza kujitokeza katika maombi yanayofika ofisini. Karakana zenye mashine ndogo ya CNC ya kuchongea mbao zinaomba fedha za kuboresha mota. Ombi lenyewe huwa mstari mmoja tu: mota mpya ya wati 500 pamoja na vifaa vyake. Kamati inatakiwa kuidhinisha au kukataa, na mfadhili anatakiwa aelewe ni kwa nini mashine aliyoinunua majuzi inadai fedha tena. Wote wana haki ya kuuliza. Tunaandika ili anayeuliza ajue la kuuliza, na mwalimu wa karakana ajue la kujibu. Aidha, katika jambo hili kuna umeme na kuna visu vinavyozunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika karibu na vidole vya wanafunzi, hivyo haliwezi kuachwa kuwa suala la bei pekee.

MASHINE TUNAYOIZUNGUMZIA

CNC ni mashine inayosogeza kisu chake kwa kufuata namba zinazotoka kwenye kompyuta. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mmarekani John T. Parsons wa jimbo la Michigan, ambaye kampuni yake ilishughulika na mapanga ya helikopta, ndiye aliyelianzisha, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za viwanda vikubwa. Kilichozishusha hadi kwenye meza ya karakana ni kompyuta za bei nafuu pamoja na programu za bure, hasa ile iitwayo GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, ambayo inafanya kazi ndani ya bodi ndogo ya Arduino inayotosha kwenye kiganja cha mkono.

Mashine inayopatikana zaidi katika karakana ndogo ni ile ya ukubwa unaojulikana kama 3018. Jina linatokana na eneo lake la kazi, takriban sentimita 30 kwa 18. Ina fremu ya alumini na mota tatu za hatua: moja husogeza kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Mota ya nne ndiyo inayoshika kisu na kukizungusha. Hiyo ndiyo tunayoiita spindeli, na ndiyo inayoombewa fedha.

Spindeli inayokuja na 3018 kwa kawaida ni mota ya umeme wa moja kwa moja ya volti 24, ya umbo liitwalo 775. Wako wanaodhani kwamba hizo ni wati 775. Sivyo, namba hiyo hueleza ukubwa wa gamba la mota, si nguvu yake. Tuangalie adapta ya mashine: mara nyingi imeandikwa volti 24 na ampea 5. Zidisha, unapata wati 120. Katika hizo wati 120 mota za hatua nazo zinachukua sehemu yake, na bodi pia. Kwa hiyo hata tukikadiria kwa ukarimu, kisu hakiwezi kupata wati 120, na sehemu ya kile kinachofika kwenye mota hupotea kuwa joto. Ndiyo maana mota hiyo huchemka ikichonga mninga kwa muda mrefu.

TATIZO NI NGUVU KWELI?

Hapa ndipo tunapoomba kamati zitulie kidogo. Mwalimu anaposema mashine haina nguvu, huwa ameona mojawapo ya mambo haya: visu vinakatika, ukingo wa kazi unatoka na manyoya, mbao inaungua na kuwa nyeusi, au sauti ya mota inashuka kisu kinapoingia kwenye mbao. Kati ya dalili hizo nne, ni ya mwisho tu inayoonyesha moja kwa moja kwamba nguvu haitoshi. Hizo nyingine tatu zina vyanzo vingine, na mota kubwa inaweza kuzizidisha badala ya kuziponya.

Tuchukue hesabu moja. Kisu chenye meno mawili kikizunguka mara 10,000 kwa dakika, meno yake hugusa mbao mara 20,000 katika dakika hiyo. Mashine ikisogea milimita 600 kwa dakika, kila jino linakula milimita 0.03. Huo ni ulaji mdogo lakini ni wa kweli. Jino linakata na kutoa chenga. Sasa tuweke mota inayozunguka mara 24,000, tusibadilishe kitu kingine. Meno yanagusa mara 48,000, na kila jino linabakiwa na milimita 0.0125 tu. Kwa unene huo jino halikati vizuri, linasugua, na kusugua huzaa joto. Mbao inaungua, kisu kinapoteza makali. Ili kurudi kwenye ulaji wa mwanzo, mashine ingepaswa kusogea milimita 1,440 kwa dakika. Mota za hatua hupoteza nguvu kadiri zinavyoenda kasi, na fremu ndogo huanza kutetemeka. Hivyo mwenye kununua kasi bila kuangalia kama mashine yake inaweza kuifuata, amenunua moshi.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko wati. Nalo ni kuyumba kwa kisu. Mota ya 775 ina mhimili wa milimita 5, na koleti ya kushikia kisu imefungwa kwenye kipande cha chuma kilichochomekwa juu ya mhimili huo, mara nyingi kwa skrubu ndogo ya pembeni. Skrubu hiyo ikikazwa upande mmoja, kipande kinahama kidogo kutoka katikati. Kisu hakizunguki tena mahali pamoja. Kinachora duara dogo. Ukikipima kwa saa ya kupimia na ukaona kinayumba milimita 0.05, unaweza kusema hiyo ni unywele. Lakini rudi kwenye hesabu yetu: kila jino lilitakiwa kula 0.03. Kuyumba kukiwa kukubwa kuliko ulaji, na meno yakiwa yamekaa upande mbaya wa duara hilo, jino moja linakula milimita 0.06 na la pili haliligusi kabisa lile linalopaswa kukata. Kisu cha meno mawili kimekuwa cha jino moja linalobeba mzigo wa mawili. Kisu cha milimita 1 kitavunjika, na mwanafunzi atalaumiwa kwamba ameendesha haraka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya ombi lolote kupita, tunataka karakana ifanye kwanza mambo ambayo hayagharimu sana. Koleti isafishwe vumbi na utomvu. Koleti za aina ya ER, zilizobuniwa na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1972, zina utaratibu wake ambao wengi hawafundishwi: koleti huingizwa kwanza ndani ya nati kwa kuiinamisha kidogo mpaka ikamate, ndipo nati pamoja na koleti vikafungwa kwenye spindeli, na kisu kikaingizwa mwishoni. Anayetumbukiza koleti kwenye spindeli kisha akaja na nati juu yake, ameibana vibaya; kisu kitayumba, na koleti itaganda ndani siku ya kutolewa. Kisha ipimwe. Kama karakana haina saa ya kupimia, hiyo saa ndiyo inunuliwe kwanza, kwa kuwa itatumika pia kwenye lathi na kazi nyingine zote. Tena visu viwe vikali. Kisu butu hudai nguvu zaidi, na mota yoyote itaonekana dhaifu mbele yake.

Baada ya hayo, endapo sauti ya mota bado inashuka ikikata mninga kwa kina cha milimita 1, au karakana imepata kazi ya kudumu ya mbao ngumu kama mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, basi ombi lina msingi.

NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni kuweka mota nyingine ya umbo lile lile la 775, lakini yenye beringi za gololi pande zote mbili. Mota nyingi za bei ya chini zina beringi ya gololi upande mmoja tu, au zina kikombe tu cha shaba. Mota hiyo inaingia mahali pa ile ya zamani, adapta inabaki, bodi inabaki. Wati haziongezeki sana, lakini mhimili unatulia. Kwa karakana inayochonga vibao vya majina, nembo na mapambo bapa, mara nyingi hii inatosha, na tunasikitika kwamba ndiyo inayoombwa kwa nadra kuliko zote.

Njia ya pili ndiyo ile ya wati 300 au 500. Hii ni mota ya umeme wa moja kwa moja yenye kaboni, hutumia hadi volti 48, huzunguka hadi kama mara 12,000, na ina koleti ya ER11 inayoshika visu vya hadi milimita 7. Nguvu yake kwa mashine ya mezani ni ya kuridhisha. Lakini haiwezi kulishwa na adapta ya zamani, na hilo tutalieleza zaidi hapa chini. Pia mwili wake una kipenyo cha milimita 52, wakati kishikio cha 3018 kimetengenezwa kwa mota ya kipenyo cha milimita 45 au chini kidogo. Ombi lisilotaja kishikio kipya halijakamilika.

Njia ya tatu ni kuondoa spindeli kabisa na kufunga ruta ya mkono ya seremala. Mfano unaojulikana ni Makita ya mfululizo wa RT0700, yenye wati 710 na kasi kati ya mizunguko 10,000 na 30,000, ambayo ikitolewa kwenye kiti chake inabaki na mwili wa kipenyo cha milimita 65. Ubora wake ni kwamba kaboni na vipuri vinaweza kupatikana kwa wauza zana, na ruta ikiharibika karakana inajua pa kuipeleka. Udhaifu wake ni kelele, uzito, na kwamba kompyuta haiiwashi wala kuizima. Mtu ndiye anayegusa swichi. Halafu haishuki chini ya mizunguko 10,000, na kwa alumini au plastiki inayoyeyuka hilo ni tatizo.

Njia ya nne ni spindeli ya viwandani ya wati 800 hadi 2,200, inayopozwa kwa hewa au maji, na kuendeshwa na kifaa kinachobadilisha mzunguko wa umeme, kijulikanacho kama VFD. Umeme wa gridi yetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, yaani Hezi 50. Spindeli ya aina hii ikilishwa Hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika. VFD ikipandisha hadi Hezi 400, inazunguka mara 24,000. Ni kifaa kizuri, kimya, chenye beringi imara. Lakini ile ya wati 2,200 ina uzito wa kilo kadhaa, na behewa la 3018, ambalo mara nyingi ni plastiki ngumu, halikuundwa kubeba mzigo huo. Ni sawa na kumfunga ng'ombe kwenye mkokoteni wa mtoto. Tunashauri sharika zisiiombe kwa mashine ya ukubwa huu. Karakana yenye fremu kubwa ya chuma ni habari nyingine.

UMEME

Hapa tunaomba msomaji avumilie, maana ndipo hatari ilipo.

Wati 500 kwa volti 48 ni ampea 10.4. Bodi ya GRBL inayokuja na mashine ndogo imeundwa kulisha mota ya zamani kwa ampea chache. Ukiiunganisha mota mpya kwenye tundu lile lile, tena kwa volti 24, haitafikia nguvu yake, na njia nyembamba za shaba kwenye bodi zitapata moto. Kwa hiyo mota mpya inahitaji chanzo chake cha umeme cha volti 48 chenye uwezo wa ampea zaidi ya kumi, pamoja na kidhibiti cha kasi kinachosimama kati ya chanzo hicho na mota. Bodi ya mashine haibebi tena mzigo. Inatuma ishara ndogo tu ya volti 0 hadi 5, na kidhibiti kinatii. Nyaya kutoka kwenye chanzo hadi kwenye mota zisiwe nyembamba kuliko milimita za mraba 1.5, na pawepo fyuzi upande wa volti 48.

Vyanzo vingi vya umeme vya kisanduku cha bati vina swichi ndogo pembeni ya kuchagua volti 115 au 230. Baadhi hutoka kiwandani ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi zetu za volti 230, utasikia mlio na kuona moshi, na fedha za usharika zitakuwa zimekwenda ndani ya sekunde moja. Mwalimu aiangalie swichi hiyo kwa macho yake kabla plagi haijagusa soketi. Vilevile bati la chanzo hicho lina skrubu zilizo wazi zenye umeme wa 230. Lisiachwe juu ya meza. Lifungwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, na waya wa ardhi uunganishwe kwenye bati hilo na kwenye fremu ya alumini ya mashine. Kama soketi ya karakana haina ardhi inayofanya kazi, hilo ndilo la kurekebisha kwanza, na fundi umeme mwenye leseni ndiye alirekebishe. Hapa hatuna nafasi ya mjadala.

Mota yenye kaboni hutoa cheche ndogo ndani yake, na cheche hizo husumbua mawasiliano. Mara nyingi mashine husimama katikati ya kazi kompyuta ikisema imepoteza bodi, na watu wakalaumu programu. Dawa yake ni rahisi: kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 isokotwe kati ya nguzo mbili za mota, nyaya mbili za mota zisukwe pamoja kama kamba, zipitishwe mbali na nyaya za swichi za mwisho, na waya wa USB uwe mfupi na wenye kinga. Kama kidhibiti hakina dayodi ya kinga, iwekwe, lakini kwa upande sahihi. Dayodi iliyogeuzwa ni njia fupi ya umeme na itaunguza kidhibiti papo hapo.

Kwa wale wenye VFD, mambo matatu tu. Spindeli isiunganishwe kamwe moja kwa moja na soketi. Pini ya ardhi kwenye plagi ya spindeli ipimwe kwa mita, kwa kuwa baadhi ya spindeli za bei nafuu huja pini hiyo ikiwa haijaunganishwa na mwili wa chuma. Na baada ya kuzima, kifuniko cha VFD kisifunguliwe kabla ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji kupita, kwani kapasita zake hubaki na chaji inayoweza kuua.

UMEME UKIKATIKA

Jambo hili halimo katika vitabu vingi vya mashine hizi, kwa kuwa vimeandikwa mahali ambapo umeme haukatiki mara kwa mara. Tuchukue karakana iliyofunga ruta ya mkono. Kazi inaendelea, umeme unakatika. Mashine inasimama, kisu kimebaki ndani ya mbao. Mwanafunzi anasogea, anaanza kulegeza vibano ili atoe kazi. Swichi ya ruta bado imewashwa, kwa sababu hakuna aliyeizima, ilikoma yenyewe. Umeme unarudi. Ruta nyingi za kawaida zitaanza kuzunguka hapo hapo, mikono ikiwa chini yake.

Kwa hiyo tunasisitiza kwamba spindeli yoyote inayowashwa kwa swichi ya kawaida ilishwe kupitia swichi ya usalama isiyojiwasha umeme unaporudi, ile ambayo maseremala huiona kwenye misumeno ya meza, yenye kitufe cha kijani na chekundu. Iwekwe pia swichi nyekundu ya dharura, kubwa, mbele ya mashine, itakayokata spindeli na mashine kwa pamoja. Ombi lolote la mota lisilo na vifaa hivi viwili lirudishwe likaandikwe upya. Kikundi kitakachosema bajeti haitoshi kwa swichi, basi bajeti haitoshi kwa mota.

KUFUNGA NA KUNYOOSHA

Plagi itolewe kwanza. Mota ya zamani ikitoka, kishikio kipya hufungwa, kisha mota mpya hubanwa kwa nguvu ya wastani. Kubana kupita kiasi hufinya gamba na kuumiza beringi.

Spindeli lazima isimame wima kamili juu ya meza. Ikiinama kidogo tu, sehemu bapa iliyochongwa itakuwa na ngazi ngazi kama paa la bati. Njia ya kupima haihitaji kifaa cha gharama. Chukua fimbo nyembamba ya chuma, ikunje kama herufi L, uishike kwenye koleti, na mkono wake uwe na urefu wa kama sentimita 8. Shusha spindeli hadi ncha ya fimbo iguse kipande cha karatasi juu ya meza kiasi cha kukikwaruza. Zungusha spindeli kwa mkono. Ncha ikikwaruza karatasi kwa nguvu sawa mbele, nyuma, kulia na kushoto, spindeli imenyooka. Ikigusa upande mmoja na kuelea upande wa pili, legeza kishikio na uweke vipande vya karatasi au bati la kopo nyuma yake mpaka ilingane. Wanafunzi huipenda kazi hii, na ni somo zuri la vipimo hata kwa asiyegusa kompyuta.

Kisha uangaliwe uzito. Mota nzito ikiachwa bila umeme inaweza kuteremka yenyewe, kisu kikachoma kazi. Jaribu kwa kuzima mashine huku spindeli ikiwa juu. Ikishuka, mashine haiwezi mzigo huo.

Upande wa programu mabadiliko ni machache. Katika GRBL 1.1, mpangilio wa $30 ndio unaoieleza bodi kasi ya juu kabisa ya spindeli. Kama mota ya zamani ilikuwa ya 10,000 na mpya ni ya 12,000, namba hiyo ibadilishwe, la sivyo kila kasi itakayoombwa itakuwa ya uongo. Mpangilio wa $32 uwe 0. Namba 1 ni kwa ajili ya leza. Tena mota kubwa huchukua muda kufikia kasi yake, na GRBL haisubiri yenyewe. Baada ya amri ya M3 ya kuwasha, iandikwe G4 P3, yaani subiri sekunde tatu, ndipo kisu kiingie kwenye mbao.

YA KUANGALIWA NA KAMATI

Ombi likifika mezani, kamati ione kwanza vipimo vya kuyumba kwa kisu kabla na baada ya kusafisha koleti. Ione kazi iliyosababisha ombi: nani ameagiza, mbao gani, kina gani. Kisha ankara kifani iwe na mota, kishikio, chanzo cha umeme, kidhibiti, swichi ya usalama, kitufe cha dharura, nyaya, fyuzi na boksi, na angalau seti moja ya kaboni za akiba. Mota peke yake huwa ni sehemu tu ya gharama, na karakana iliyonunua mota peke yake itabaki nayo kwenye kabati.

Vumbi nalo lihesabiwe. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na mota yenye nguvu mara tatu hutoa vumbi zaidi. Kifyonza vumbi, barakoa, miwani na vizibo vya masikio viwemo. Khanga, tai, mikufu na nywele ndefu vifungwe, na glavu zisivaliwe karibu na kisu kinachozunguka, kwa kuwa glavu ikikamatwa huvuta mkono mzima.

Wafadhili wetu wengine wametuuliza kama isingekuwa bora kununua mashine kubwa zaidi kuliko kuboresha ndogo. Kwa karakana inayouza samani, ndiyo, na tungependa tuambiwe hivyo mapema. Kwa karakana inayofundisha, mashine ndogo iliyofunguliwa na kufungwa tena na wanafunzi wenyewe ina thamani ambayo haipo kwenye mashine kubwa iliyofungwa na mafundi wa kampuni.

Mota mpya ikishafungwa, saa 1 ya kwanza iendeshwe bila kisu, kasi ikipandishwa taratibu, ili kaboni zikae sawa na beringi zipate joto polepole. Mwalimu aguse gamba kila baada ya dakika kumi. Likiwa moto kiasi cha kutoshikika, azime. Baada ya hapo kila kazi iandikwe kwenye daftari: aina ya mbao, kisu, kina, mwendo, na saa zilizotumika. Kaboni zikaguliwe kila mwezi na zibadilishwe kabla hazijafika kwenye chemchemi yake. Mota ya zamani isitupwe wala isiuzwe. Ipakwe mafuta kidogo kwenye mhimili, ifungwe kwenye mfuko pamoja na kishikio chake na skrubu zake, iandikwe tarehe, na iwekwe kabatini, ili siku mota mpya itakapokwama wakati kuna kazi ya mteja, mashine irudi kazini mchana ule ule.